Mfungo wangu wa mvua

Mwezi wa Oktoba kwetu Lubumbashi munaujua. Baridi ya Juni na Julai imesahauliwa, mvua bado haijafika, na vumbi nyekundu inaingia mpaka ndani ya sufuria. Katuba na Kenya, visima vya lupango vinabaki na matope tu. Bamama wanaamka saa kumi ya usiku kwenda kupanga bidoni.

Oktoba 2024 hofu ilizidi. Mwaka ule ukavu ulikuwa umeharibu mashamba ya majirani zetu wa Zambia, hata serikali yao ikautangaza kuwa balaa la taifa mwezi wa Februari. Na sisi tunaokula bukari ya mahindi yanayopita Kasumbalesa, tuliusikia katika bei ya unga. Watu wakaniuliza, "Baba Pasta, na mwaka huu tena?" Nikatangaza mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula, bila maji, tuombee mvua. Nia ilikuwa njema. Akili ndiyo ilipunguka.

Siku ya pili, saa nane ya mchana, tulikuwa tumejaa chini ya malata. Mama mmoja wa kwaya, mwenye miaka sitini na zaidi, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Nilidhani Roho amemshukia. Munisamehe, hata nilisema "Amina". Kisha akaanguka. Ngozi yake ilikuwa ya moto sana, tena kavu. Nikakimbilia kikombe nimumiminie maji kinywani.

Mzee mmoja akanishika mkono. Alifanya kazi miaka mingi mbele ya moto, kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, kile kilichotoa shaba ya kwanza ya mji huu mwaka 1911. "Hapana, Baba Pasta! Mutu mwenye kuzimia hapana kumunywesha, mayi itaingia mu mapafu. Mumutoshe hapa, mumupeleke kwa kivuli!"

Tukambeba mpaka chini ya mwembe. Bamama wakamlegezea nguo, wakamwagia maji shingoni, makwapani, mwilini mwote, vijana wakimpepea kwa makartoni. Ndoo mbili zile zilitoka kwa jirani ambaye si mshirika wetu. Ilikuwa maji yake ya siku nzima. Tulipofika hospitali alikuwa amefungua macho. Muuguzi alituambia kwamba mtu wa joto akianza kuchanganyikiwa, kila dakika ina maana: mupoze kwanza, mukitafuta gari.

Jioni nilienda kwa yule mzee nimshukuru. Hakunisifu kwa kuja. "Siye ba kwa foro tulikuwa tunakunywa mbele kiu ikuye," akasema. "Na wewe unafungisha bakoko!" Kweli, mwili wa mzee hausikii kiu vizuri, anaweza kukauka bila kujua. Mkojo ukiwa mweusi kama chai, mwili unalia. Vijana wanaochimba mashimoni na kubeba mifuko juani wasikie hii pia: pombe haihesabiwi kuwa maji. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye mara nyingi, na mama yake ndiye anywe.

Iko jambo lingine. Visima vikikauka, tunachota popote, na kolera inajua njia ile. Maji ya kunywa tuyachemshe, hata kama makala ni bei. Kwa mwenye kuhara: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe polepole, na safari ya kituo cha afya isingoje kesho.

Mfungo niliufunga siku ile ile. Washirika wengine walinung'unika kwamba imani yangu imepungua; sikubishana nao.

Mama yule ameludi katika kwaya. Anakaa karibu na mlango, penye upepo. Na mzee anakaa mstari wa mbele na chupa yake. Nikihubiri sana Oktoba, anakunywa huku ananitazama machoni, mpaka na mimi nikamate kikombe changu.