Siku Moja ya Vuli katika Msitu wa Soignes

Kusini-mashariki ya mji wa Bruxelles, nchini Ubelgiji, upo msitu wa Soignes, wenye hekta zaidi ya 4,000. Miti yake mingi ni ile iitwayo hêtre, mirefu na iliyonyoka kama nguzo za kanisa kuu. Ifikapo vuli, mwisho wa Oktoba, majani yake huacha ukijani, yakawa ya manjano, kisha ya rangi ya shaba.

Tukitaka kwenda kuutazama uzuri huo pamoja na mbwa wetu, yatupasa kufanya shauri mapema. Kwanza tulihesabu jua. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Jumamosi jua lilikuchwa baada ya saa kumi na mbili jioni. Jumapili litakuchwa mapema zaidi. Basi tuondoke Boitsfort asubuhi, na adhuhuri tupumzike Groenendael, alipoishi mtawa Jan van Ruusbroec, aliyefariki mwaka 1381. Kisha tugeuke.

Pili, mbwa afungwe kamba. Msituni wamo paa. Mbwa akinusa nyayo zao hasikii tena jina lake, na kumtafuta usiku ni taabu kubwa.

Tatu, tukirudi tuyapekue manyoya yake, na miguu yetu pia, maana kupe wa huko huweza kuwaambukiza watu ugonjwa wa Lyme.

Tukifanya hivyo, sote tulioondoka asubuhi, watu na mbwa, tutafika nyumbani salama kabla ya giza.