Mpangaji Tusiyemwuliza Jina

Ndugu msomaji, nikikutajia Mlimani Park, wana Sikinde, bila shaka utanijibu papo hapo kwa majina ya Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na Cosmas Tobias Chidumule. Lakini nikikuuliza ni nani aliyekuwa akipanga wapi gitaa liingie, wapi tarumbeta na saksofoni ziitike, na wapi zinyamaze, huenda ukakuna kichwa. Usione haya. Mimi ninayeishi kwa kuuliza maswali nilikikuna kichwa hicho hicho kabla yako.

Mtu huyo alikuwa Michael Enoch, ambaye wapenzi walimwita King. Alijiunga na Dar es Salaam Jazz Band mwaka 1960 akiwa mpiga gitaa la solo, na kwa bidii yake akazimudu karibu ala zote za bendi. Tulisema “jazz” siku hizo, lakini muziki wenyewe ulikuwa dansi letu, lenye rumba ya Cuba ndani yake. Baadaye Enoch alihamia Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya Tanzania Transport and Taxi Services, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Huko alipuliza saksofoni, na huko ndiko alikokuwa mpangaji.

Nisemapo mpangaji, msomaji, usidhani namsema yule anayedaiwa kodi ya chumba mwisho wa mwezi. Mtunzi wa dansi huja mazoezini na maneno yake na sauti ya kuyaimbia. Hapo wimbo bado ni mahindi mabichi. Ni lazima gitaa la solo litafutiwe njia yake, gitaa la kati lisiligonge, besi ibebe mzigo chini, na vipulizwa vipewe pa kujibu baada ya kila ubeti. Sehemu ya kwanza huenda polepole ili kisa kisikike. Halafu huja chemko, magitaa yakakaza mwendo na hakuna akaaye kitini. Kuamua saa ya kuvuka kutoka huku kwenda kule si kazi ndogo. Akikosea mpangaji, kisa kizuri huwachosha watu. Akipatia, sifa humwendea mwimbaji.

Nami nilizipeleka sifa huko huko. Katika makala yangu ya kwanza juu ya muziki wa dansi niliwataja waimbaji wote, nikamaliza bila kumtaja Enoch hata mara moja. Mhariri hakugutuka, wala msomaji yeyote hakuleta barua ya kulalamika.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani Kaoze. Kutoka Sumbawanga, ambako asubuhi huwezi kuliacha sweta, gari huteremka ukingo wa Ufipa hadi kwenye joto la bonde la Ziwa Rukwa. Jioni, nyumbani, nilimpigia mama wimbo wa Neema, utunzi wa Chidumule, nikitaka kumkumbusha marehemu baba, ambaye miaka ya 1990 alikuwa na redio iliyojaza majirani uani kwetu.

“Baba alizipenda nyimbo hizi,” nikasema.

“Alizipenda,” mama akajibu. “Maneno alikuwa akiyaimba mchana kutwa. Mimi sikuwa nikingoja maneno, mwanangu. Nilikuwa nikingoja zile zinazoitika.” Akanyamaza, vipulizwa vilipoingia, akainua kidole. “Hizo.”

Nilimweleza kuwa aliyezipanga aliitwa Michael Enoch. Akalirudia jina hilo taratibu, kama mtu anayetambulishwa kwa jirani waliyeishi ukuta kwa ukuta miaka mingi.

Ndipo nilipokumbuka betri. Zilikuwa ghali, nasi tuliziita mawe. Zilipochoka, mama alizitoa asubuhi, akazipanga kwenye ungo juani, kando ya mpunga uliokuwa ukianikwa, akazigeuzageuza kutwa nzima, ili jioni redio iseme. Majirani walipoaga walisema, “Ahsante, Mwalimu, redio yako inasema vizuri.” Baba alipokea shukrani hizo. Sisi watoto nasi tuliiita redio ya baba, na hata sasa, nilipoanza kuandika aya hizi, ndivyo nilivyoiita.

Nilimwuliza mama kama jambo hilo lilimuudhi. Alicheka, kisha akasema, “Siku moja tu. Nilipougua wiki nzima, redio ikanyamaza. Baba yako akawaambia watu kuwa imeharibika.”

Msomaji wangu, Jumapili hii huenda nawe una redio inayosema vizuri, chakula kilichoiva kwa saa yake, au watoto waliokwenda ibadani wakiwa na nguo zilizopigwa pasi. Nakuomba uulize nani amepanga. Mimi nimechelewa miaka mingi, lakini leo naandika majina mawili. La kwanza umekwisha kulisoma, ni Michael Enoch. La pili ni mama. Yeye mwenyewe amenikataza kuliandika, akisema aliyelitaka kulijua angalimwuliza zamani.