Wenye Maneno na Wenye Majina

Lugha yetu ilipoupokea muziki wa rap, iliupa jina la haraka: muziki wa kufokafoka. Kila nilisikiapo jina hilo hunikera kidogo, kwani kufoka ni hali ya mtu aliyeghadhibika, au ya chungu kilichozidi moto. Waanzilishi wa sanaa hii hawakuwa watu wa ghadhabu. Walikuwa washereheshaji, kazi yao ilikuwa kuwaita watu uwanjani wacheze, na kuwafurahisha mpaka usiku ukuche. Wengi wao wamesahauliwa, na nionavyo mimi, wamesahauliwa kwa dhuluma.

Sherehe inayohesabiwa kuwa chimbuko lao ilifanyika tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba namba 1520 la barabara ya Sedgwick, mtaani Bronx, New York. Cindy Campbell aliiandaa ili apate fedha za nguo za shule. Kaka yake, Clive, mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyepiga sahani. Ustadi wake ulikuwa kukirefusha kile kipande cha santuri ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Pembeni yake alikuwapo rafiki yake, Coke La Rock, na kipaza sauti mkononi, akiwataja wachezaji kwa majina, akiwatania, akichomeka maneno ya vina. Mwaka 2023, hip-hop ilipotimiza miaka 50, Herc aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa rock nchini Marekani. Coke La Rock hutajwa kwa sentensi moja, kisha msimulizi akasonga mbele. Sahani hubaki, pumzi ya msemaji huenda na usiku wake.

Kisa cha Grandmaster Caz ni kizito zaidi. Yeye alikuwa mtunzi hasa, mwenye daftari la mashairi, na baadaye nguzo ya kundi la Cold Crush Brothers. Mwaka 1979, Sylvia Robinson wa kampuni ya Sugar Hill alikuwa akitafuta vijana wa kurekodi. Akampata Henry Jackson, aitwaye Big Bank Hank, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la piza huko Englewood, New Jersey. Hank hakuwa mtunzi. Alimwendea Caz, akaazima maneno, akaenda kuyasema kama yalivyo. Hata lile jina la kisanii la Caz, ambalo mwenyewe alikuwa amelitunga ndani ya beti, halikuondolewa. Wimbo huo, “Rapper's Delight”, ukawa wa kwanza wa aina yake kuingia katika nyimbo 40 bora za Marekani. Dunia nzima ikayacheza maneno ya Caz. Jina lake halikuandikwa miongoni mwa watunzi, wala hakulipwa.

Wako na wengine. Sha-Rock, binti pekee katika kundi la Funky 4 + 1, alionekana na kundi lake katika televisheni ya taifa zima la Marekani mwezi Februari 1981, wakati ambapo wanaume wengi wanaosifiwa leo walikuwa bado hawajasikika nje ya mitaa yao. Na yuko Busy Bee, bingwa wa kuuitikisha umati. Mwishoni mwa 1981, katika ukumbi wa Harlem World, Kool Moe Dee alimshambulia kwa beti zilizopangwa, akamwangusha mbele ya watu, na kanda ya usiku ule ikapita mkono hadi mkono. Wanahistoria husema hapo ndipo rap ilipokomaa. Mimi, mtu wa pwani, namtetea Busy Bee. Tunajua hapa kwetu kwamba kuupa umati kiitikio, ukakipokea kama kwamba ni wake tangu zamani, ni kazi ngumu kuliko kumtukana mtu kwa ufasaha.

Sikukaa darasani kusomea fasihi. Kiingereza changu nimekipata kwa kamusi iliyochanika jalada na kwa kanda walizoleta mabaharia. Ndiyo maana najua ugumu wa kuwafasiri watu hawa. Katika Kiingereza, mkazo huweza kuiangukia silabi ya mwisho, ngoma ikapiga papo hapo, kina na pigo vikakutana. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kina chetu cha jadi hukaa katika silabi ya mwisho, baada ya pigo kupita. Ukiitia rap katika mizani yetu ya 16, hupata adabu lakini hupoteza miguu ya kuchezea. Dawa niliyoipata ni kuacha kuhesabu mizani, nikahesabu mapigo, manne kwa mstari, na kutafuta vina vya silabi mbili ili pigo nalo lipate haki yake. Aliyenifunza hilo ni Caz, si kitabu.

Kwa nini niyaandike haya katika kurasa za mashairi? Kwa sababu dhuluma hii tunayo wenyewe. Shairi langu moja limeimbwa katika harusi kwa miaka. Nimeketi ukumbini nikasikia likitangazwa kwa jina la mwimbaji. Nilinyamaza, kwani harusi ni ya bibi harusi. Lakini yalinichoma. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki kiasi cha mwaka 1840, na beti zake zingepotea lau Mwalimu Sikujua hakuzikusanya miongo kadhaa baadaye, akazipitisha kwa Taylor, Mwingereza. Ni washairi wangapi wa zama zake waliokosa Sikujua wao?

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Ngoma ya Bronx imedumu nusu karne na zaidi, na Caz katika utu uzima wake amekuwa akiwatembeza wageni mitaani humo, akiwaonyesha kwa mkono wake pale yalipoanzia. Hatungojei ruhusa ya mtu. Msomaji, ukitoka kwenye taarabu wiki hii, wapo wazee wanaojua nani aliutunga ule wimbo ulioupenda. Waulize, ukaandike jina hilo kwa wino.