Mwenye Tovuti: Kumbukumbu za Biashara Ndogo kati ya Mnara wa Saa na Nduruma

Historia ya tovuti za biashara ndogo katika jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru inaweza kuelezwa kwa njia nyingi, lakini njia inayofafanua mambo mengi zaidi ni ile inayouliza, kwa kila kipindi, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha maneno yaliyoandikwa humo. Tovuti, kwa maana inayotumika hapa, ni mkusanyiko wa kurasa zinazohifadhiwa katika kompyuta iliyo wazi mtandaoni saa zote, iitwayo seva, ambazo msomaji huzifungua kwa anwani moja. Anwani hiyo, mathalani ile inayoishia na .co.tz, huitwa jina la kikoa, nalo husajiliwa na kulipiwa kwa kipindi maalumu kama inavyolipiwa leseni ya biashara. Seva na jina la kikoa vina mwenyewe, na katika muda wa takriban miaka 30 mwenyewe huyo mara nyingi hakuwa yule ambaye jina la biashara yake lilisomeka juu ya ukurasa.

Kabla ya kuwapo kwa tovuti, mgeni aliyetaka kupanda Mlima Meru au kushuka bonde la Ngorongoro alilifahamu jina la kampuni ya Arusha kwa kitabu cha mwongozo kama vile Lonely Planet au Bradt, au kwa kipeperushi alichokiokota katika ofisi ya Bodi ya Utalii iliyopo Barabara ya Boma, au kwa papasi aliyempokea akishuka basi, na kati ya hayo yote ni kipeperushi peke yake ambacho mwenye kampuni alikiandika mwenyewe. Mawasiliano na nje yalipita kwenye faksi na simu, ambayo dakika zake za kwenda Ulaya zilikuwa ghali kiasi cha kumfanya mfanyabiashara mdogo ajibu kwa maneno machache kuliko aliyoulizwa. Katikati ya miaka ya 1990 mtandao wa ushirika ulioitwa Arusha Node Marie, ambao baadaye ulijulikana kama Habari Node, ulianza kuwapatia wakazi wa mji huduma ya barua pepe. Wakati huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kuweka makao yake katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), iliuletea mji watu waliozoea kuandikiana kwa kompyuta. Anwani zilizoishia na habari.co.tz zikaanza kuonekana kwenye vipeperushi, chini kidogo ya sanduku la posta, na mwandishi wa kumbukumbu hizi anakumbuka jinsi mstari huo mmoja ulivyotosha kumfanya mgeni aamini kwamba ofisi yenye chumba kimoja ilikuwa na uwezo wa kumjibu.

Tovuti za mwanzo zilitengenezwa, kwa sehemu kubwa, na wageni walioridhika. Mholanzi au Mjerumani aliyerudi kwao baada ya safari njema alijitolea kuijengea kampuni kurasa chache, akachanganua picha zake za filamu, akaandika maelezo kwa Kiingereza au kwa lugha yake, akasajili jina la kikoa kwa jina lake mwenyewe na kulilipia kwa kadi yake, kwa kuwa mwenye kampuni hakuwa na kadi ya benki iliyokubalika mtandaoni. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli na ulizaa biashara ambayo isingezaliwa. Hali ilifanana katika vijiji vilivyoingia katika mpango wa utalii wa utamaduni, ulioanzishwa miaka hiyohiyo kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, vikiwamo Ng'iresi, Mulala na Ilkiding'a katika miteremko ya Meru: habari zao zilisomwa Ulaya kabla ya wanakijiji wenyewe kuwahi kuona ukurasa uliowaeleza.

Tatizo lilijitokeza pale jambo lolote lilipobadilika. Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, lilipopandisha viingilio, bei zilizoandikwa kwenye tovuti zilibaki zilezile mpaka yule rafiki wa Ulaya apate nafasi, na nafasi hiyo iliweza kuchukua miezi; mgeni alifika na karatasi aliyoichapa kwao yenye bei ya zamani, na mwenye kampuni, ambaye hakuiandika bei hiyo wala hakuwa na njia ya kuifuta, alilazimika ama kuiheshimu kwa hasara ama kuanza safari kwa ugomvi. Lililo zito zaidi lilikuja baadaye, rafiki alipooa, alipohama au alipofariki, na jina la kikoa likakosa wa kulilipia. Jina lisilolipiwa hurudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Kampuni iliyokuwa imechapisha anwani hiyo kwenye milango ya magari yake na kwenye fulana za wapagazi ilijikuta anwani ileile ikifungua ukurasa wa mtu mwingine kabisa, bila kuwa na hati hata moja ya kudai haki yake.

Kikoa cha taifa, .tz, kilikuwapo tangu mwaka 1995 na kilisimamiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini wafanyabiashara wengi wa Arusha waliliona .com kuwa ndilo jina la kimataifa. Mwaka 2006 iliundwa taasisi ya tzNIC, kwa ubia wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na chama cha watoa huduma za intaneti, na mwaka 2010 usimamizi wa .tz ukahamia kwake rasmi. Umuhimu wa hatua hiyo kwa biashara ndogo haujasemwa vya kutosha: msajili wa jina la kikoa sasa aliweza kupatikana nchini, akalipwa kwa shilingi na akafuatwa kwa miguu jambo likiharibika.

Katikati ya miaka ya 2000 kazi ya kutengeneza tovuti ilihamia mjini. Vijana waliojifunzia kwenye intaneti kafe za Barabara ya Sokoine na mitaa ya jirani na Mnara wa Saa, na wengine waliotoka vyuoni, walifungua ofisi, na mwenye biashara akaweza kuketi ubavuni mwa fundi wake. Ilitarajiwa kwamba maneno yangekuwa ya mwenye biashara, lakini haikuwa hivyo. Fundi alilipwa kwa ajili ya mwonekano, na mwonekano wa wakati huo ulikuwa picha zinazocheza, muziki unaoanza wenyewe, na ukurasa wa utangulizi uliotengenezwa kwa programu ya Flash ambao msomaji alipaswa kuungoja umalizike kabla ya kuona chochote. Maneno yenyewe yalinakiliwa kutoka tovuti ya kampuni nyingine. Safari ya siku saba ya Tarangire, Manyara, Serengeti na Ngorongoro ilielezwa kwa sentensi zilezile katika tovuti nyingi za mji mmoja, hata makosa ya tahajia yakirithiwa. Madhara yake yalikuwa mawili. Injini za utafutaji, yaani programu kama Google zinazosoma kurasa za dunia nzima na kuzipanga kulingana na ombi la mtafutaji, zinapokutana na maandishi yanayofanana huchagua ukurasa mmoja wa kuuonyesha na kuziacha nyingine nyuma. Na mgeni aliyelinganisha kampuni tano aliona kitu kimoja mara tano, hivyo akabaki na bei peke yake kama kigezo cha kuchagua. Ushindani wa kushusha bei, ambao wapagazi na wapishi waliulipia kwa posho zao, ulikuwa na sababu nyingi, na tovuti zisizosema lolote la pekee zilikuwa mojawapo.

Mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuiunganisha mikoa, kasi iliongezeka na gharama zikaanza kushuka, lakini badiliko kubwa zaidi lililetwa na simu. Wakazi wengi wa kata kama Nduruma, kusini ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, waliukuta mtandao kwenye simu bila kupitia kompyuta kamwe, na walinunua data kwa vifurushi vya siku au wiki. Tovuti zilizojengwa kwa kioo kikubwa zilifunguka kwao kwa herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa, na picha moja ya tembo iliyopandishwa bila kupunguzwa ukubwa ilikula data ya mtu aliyetaka namba ya simu tu. Aprili 2015 Google ilianza kuzipa nafasi ya juu, katika utafutaji wa kwenye simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye kioo kidogo, na mwaka 2018 kivinjari chake cha Chrome kikaanza kuonya kwamba si salama kila tovuti isiyosimba mawasiliano, yaani isiyoyageuza kuwa maandishi ya siri yasiyosomeka njiani. Tovuti nyingi za mtindo wa zamani zilipotea katika kipindi hicho.

Zilizochukua nafasi yake hazikuwa tovuti nyingine bali majukwaa ya wengine. TripAdvisor iliwapa wageni uwanja wa kusimuliana, na neno la mgeni aliyetangulia likawa na uzito kuliko ukurasa wowote ulioandikwa na mwenye kampuni; Facebook, Instagram na WhatsApp zilimpa hata mama muuza mboga duka la picha lisilo na kodi. Wengi walihitimisha kwamba tovuti imekufa. Hitimisho hilo lina kiasi fulani cha ukweli, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mwenye biashara aliandika maneno yake mtandaoni kwa mkono wake mwenyewe, lakini jukwaa si lake: akaunti inaweza kuibwa au kufungwa bila maelezo, tangazo la leo hufukiwa na la kesho, na mteja anayetafuta kwenye Google jioni moja jambo lililotangazwa miezi mitatu iliyopita hapati kitu. Safari za ndege za kimataifa ziliposimama mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, kampuni zilizokuwa na ukurasa wao ziliweza kuweka mahali pamoja masharti ya kuahirisha safari na kumwelekeza kila aliyelipa asome hapo, ilhali zilizotegemea jumbe zilijibu swali lilelile kwa kila mtu, na mara nyingine kwa majibu yaliyopingana.

Nduruma huonyesha vizuri zaidi jinsi tovuti ya biashara ndogo inavyofanya kazi, kwa sababu biashara ya huko haina mandhari ya kuuza. Mto Nduruma huteremka kutoka Meru kuelekea Kikuletwa, na maji yake hugawanywa kwa zamu kupitia mifereji inayolisha mashamba ya nyanya, vitunguu, mahindi na maharage machanga, jirani na mashamba makubwa ya maua; soko la karibu ni Tengeru, lenye magulio ya Jumatano na Jumamosi, na chama cha kilimo cha bustani, TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004, kina makao yake Arusha. Mwenye kitalu cha miche katika mazingira hayo anaulizwa maswali yaleyale kila siku: kuna mbegu gani, mche shilingi ngapi, trei ina miche mingapi, unaleta mpaka wapi, nikihitaji ya kupanda tarehe fulani niagize lini. Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa mche wa nyanya hukaa kitaluni takriban wiki nne au tano kabla ya kuhamishiwa shambani, na mkulima anayepiga simu siku zamu yake ya maji imefika amekwisha kuchelewa. Ukurasa mmoja unaojibu maswali hayo kwa Kiswahili, wenye bei na tarehe ambayo bei hiyo iliandikwa, wenye namba ya simu inayopigika kwa kuguswa, na wenye picha ndogo za kitalu chenyewe, unatosha. Kurasa za «dira na dhamira» ambazo mafundi huziongeza hazijawahi kuuza trei hata moja.

Swali ambalo mteja haliulizi kwa mdomo ni la uaminifu. Katika nchi ambayo karibu kila mwenye laini amewahi kupokea ujumbe wa tapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii, malipo ya awali kwa mtu asiyeonekana ni jambo zito. Mtumaji wa fedha kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, hivyo biashara yenye jina moja kwenye ukurasa, kwenye Lipa Namba na kwenye usajili wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) inamwezesha mteja kulinganisha mwenyewe, na yenye majina matatu tofauti inampa sababu ya kukata simu hata kama mwenyewe ni mwaminifu. Kwa kampuni ya utalii, namba ya leseni ya utalii hufanya kazi hiyohiyo.

Uchaguzi wa lugha nao umebadilika, ingawa polepole kuliko inavyostahili. Tovuti za Arusha ziliandikwa kwa Kiingereza kwa sababu mteja alikuwa mbali, na mazoea hayo yakaendelea hata pale mteja alipokuwa Usa River au Kikatiti. Mkulima anayetafuta miche ya parachichi huandika maneno hayohayo kwenye simu yake, na kurasa zinazomjibu kwa lugha yake ni chache, jambo ambalo mwandishi huyu analiona kuwa hasara ya wazi kwa pande zote mbili, kwa kuwa mwenye kitalu anayeandika kwa Kiswahili leo hashindani na kampuni kubwa wala hahitaji kulipia tangazo.

Mzigo mpya umeongezwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inamhusu yeyote anayekusanya na kutunza taarifa za watu, iwe ni nakala za pasipoti za wapanda mlima au orodha ya wakulima na namba zao. Fomu za mtandaoni za miaka ya nyuma ziliuliza kila kitu, pamoja na umri na kazi ya mteja, kwa sababu fundi alizinakili zilivyo. Mwenye kitalu wa Nduruma anayeijenga fomu yake upya anahitaji jina, namba ya simu, aina ya mche, idadi ya trei na mahali pa kupeleka, na sehemu nyingine zote anaweza kuzifuta mwenyewe kwenye simu yake, bila kumsubiri mtu yeyote.