Tundu Lililokosewa

Gari letu ni la miaka mingi, na spika ya mlango wake wa mbele wa kushoto ilikuwa imechanika, ikitoa mkwaruzo badala ya sauti. Kwa wengi hilo ni jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo, kwa kuwa kiti cha kushoto ndicho akaliacho bibi wa watoto wetu, na sikio lake linalosikia vyema ni la kushoto. Kila tumpelekapo kliniki hupenda kusikiliza darsa la redioni njia nzima. Kwa miezi kadhaa alisikia mkwaruzo tu, naye akanyamaza kwa kutotaka kutusumbua.

Tulinunua jozi ya spika za inchi 6.5, tukaamua kuzifunga wenyewe. Jumamosi moja baada ya Alasiri tulikusanyika uani kwetu Tanga: mmoja wetu akashika keekee ya umeme, mwingine tochi, na kijana wetu wa miaka 15 akashika spika. Tukachomoa waya wa betri, tukafungua parafujo zilizojificha nyuma ya mshikio, tukabandua bamba la ndani la mlango na kukunja pembeni nailoni inayozuia maji. Spika ya zamani ilikuwa imeshikwa kwa ribiti. Tukazitoboa vichwa, ikatoka.

Hapo ndipo tulipoona kwamba matundu ya spika mpya hayalingani na yale ya kiwandani. Kijana akasema kwa adabu, "Baba, Mama, tusitoboe kwanza. Tuchore kwenye karatasi, tupime." Magharibi ilikuwa inakaribia, nasi tulitaka kumaliza. Tukamjibu kwamba tulizijua kazi za mikono kabla yeye hajazaliwa. Keekee ikagusa bati, ikateleza, ikatoboa milimita chache kando ya alama. Tukajaribu kusahihisha kwa kutoboa tundu jingine ubavuni mwake. Ncha ikatumbukia katika lile la kwanza, na mawili yakawa moja, refu na pana. Parafujo ikaingia bila kushika kitu.

Neno la kwanza lililotutoka halikuwa la kujilaumu. "Si tulikuambia uishike vizuri?" Kijana hakujibu. Aliilaza spika juu ya kitambaa, akaingia ndani.

Bibi alikuwa barazani, ametuelekezea sikio lake la kushoto. Akauliza taratibu, "Na keekee alikuwa ameishika nani?"

Usiku ule hatukuzungumza sana. Asubuhi, kabla ya kugusa gari, tulimwendea kijana. Tukamwambia kwamba kosa la tundu lilikuwa letu, na maneno yale yalikuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, atusamehe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Karatasi iko wapi?"

Tulianza kwa njia iliyo nyepesi: kuizungusha spika kidogo ili matundu yake yote yaangukie bati zima. Haikufaa, moja liliangukia ukingo wa uwazi. Wengine hujaza gundi ya chuma katika tundu na kufunga parafujo humo humo, lakini mlango hubamizwa kila siku na spika hutikisika, hivyo hatukuiamini. Kijana akachora njia ya tatu: pete ya plaiwudi. Pete hufungwa kwenye matundu ya kiwandani, na spika hufungwa kwenye pete. Bati halitobolewi tena.

Fundi seremala wa mtaani aliikata kwa kufuata mchoro wake, unene wa milimita 12. Tuliipaka rangi ya mafuta mara mbili, kwani maji ya mvua huteremka kando ya kioo hadi ndani ya mlango kabla ya kutokea chini, na mbao isiyopakwa huoza. Tundu lililokosewa tulililainisha kingo kwa tupa, tukalipaka rangi ya kuzuia kutu, tukaliziba kwa kipande cha bati na silikoni. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukafagia chenga zote za chuma, maana spika ina sumaku, na chenga ikinaswa humo huleta mkwaruzo mpya.

Rangi ilipokauka Jumatatu jioni, kijana alishika bisibisi, sisi tukashika tochi. Kabla ya kukaza, alishusha kioo hadi chini na kuhakikisha hakigusi sumaku wala ncha ya parafujo. Kisha akakaza parafujo kwa zamu, kila moja kidogo kidogo, ili pete isipinde.

Siku ya kliniki bibi aliketi mahali pake. Redio ilipofunguliwa hakusema kitu kwa muda mrefu. Tulipofika akagoma kushuka mpaka darsa limalizike, alhamdulillahi.

Tundu lile bado lipo nyuma ya bamba, limezibwa, halionekani. Sisi tunajua lilipo, na kijana wetu anajua. Siku hizi akisema "tupime kwanza", tunaiweka keekee chini.