Bibi Hataki Kuchorwa Uso

Likizo imeisha, nimerudi chuo na nusu gunia la machungwa ya Muheza. Waliosema nimepotea, nipo.

Muhula huu tunachora maisha ya ndani ya nyumba. Tulionyeshwa picha za Carl Larsson, Mswidi aliyechora nyumba yake ya Sundborn: mkewe Karin, watoto, viti, maua dirishani. Kitabu chake Ett hem kilitoka 1899. Nikazipenda kweli, ila nikajiuliza, kwetu je? Milango ya kuchonga ya Pangani imepigwa picha mpaka basi. Nyuma ya mlango kachora nani?

Nikaamua kuchora kwa bibi, Ngamiani. Nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na kinu. Baada ya chai bibi hukaa mkekani, anasuka ukili. Mwanga unaingia kwa mlango wa uani tu. Redio iko chini chini, paka kalala. Na haraka ipo, maana wajomba wanataka kuuza kiwanja zijengwe fremu za maduka.

Kasheshe ikawa bibi mwenyewe. "Chora kinu, chora mbuzi ya nazi, chora na paka. Mimi niache, mjukuu wangu. Ndani kwa mtu ni sitara."

Nikasema haya, bibi. Siku mbili nachora vitu, lakini nyumba ikawa kama wenyewe wamehama.

Ndipo nikamkumbuka Vilhelm Hammershøi, mchoraji wa Denmark. Alikaa Strandgade 30, Copenhagen, toka 1898 hadi 1909, anachora vyumba vile vile mara kwa mara. Mkewe Ida yumo, ila mara nyingi katupa mgongo. Nikamwonyesha bibi kwenye simu. Akaangalia weee!

"Huyu uso wake kabaki nao mwenyewe," akasema. Kisha akavuta mtandio, akageukia uani, akaendelea kusuka.

Nimerudi na michoro kumi na moja. Yote ina mgongo wa bibi, na ukili unarefuka toka mchoro hadi mchoro. Kiwanja kikiuzwa, mnunuzi atapata udongo na bati. Ukumbi ninao mimi.

Nanyi wenye bibi Tanga, Pangani, Mkinga, kaeni nao ukumbini kabla wajomba hawajakaa kikao. Haya wapendwa, nawahi kipindi cha saa nne.