Pasi yangu imekata roho

Juzi nimechomeka pasi hapa hosteli, nikaenda kuoga. Kurudi, naikuta baridi kama maji ya mlimani. Haijamaliza hata semista mbili! Bibi yangu kule Kibosho ana pasi ya mkaa tangu mama akiwa mtoto, kilichowahi kubadilishwa ni mpini wa mbao tu.

Nikaipeleka kwa fundi, Mbuyuni. Akafungua, akanionyesha thamostati imeganda, haikati tena. Pembeni kuna kidude kidogo, fyuzi ya joto. Chenyewe huungua mara moja tu, moto ukizidi, kikate umeme.

"Nikuungie waya moja kwa moja, dada? Buku mbili tu."

Jamani, kidogo nikubali, mfukoni nina nauli tu. Halafu nikawaza: tunalala wanne mle ndani, na pasi niliiacha juu ya godoro. Kumbe haikufa bure!

Nimemwambia anitafutie thamostati na fyuzi mpya. Mpaka boom liingie, mtaniona na mikunjo yangu. Msinicheke.

Haya, naingia kipindi.